Ujumbe wa Mulolwa

Siku waya wa simu wa stesheni ya Kamina ulipokatwa kwa mara ya mwisho, Salomé Kisimba alikaa mbele ya meza yake mpaka saa ya kutoka kazini, vipokeo vikiwa masikioni, na hakusikia hata mkwaruzo. Waya ulikuwa wa shaba. Watu walikuwa wakiupanda usiku kwenye nguzo, mita kwa mita, tangu nchi ilipoanza kuoza, na mwaka ule wa tisini na sita walikuwa wameumaliza.

Alikuwa na miaka thelathini na saba. Alizaliwa Luena, baba yake akiwa fundi wa ishara za reli, na masista walimfundisha Kifaransa na mwandiko ambao mtu angeweza kuusoma akiwa mbali. Akiwa na miaka kumi na tisa alikalishwa kwenye meza ya simu ya stesheni. Huko alijua vituo vyote kwa sauti zake. Mtu wa Kabongo alikohoa kabla ya kusema neno. Wa Luena alianza kila habari kwa kuulizia afya ya baba yake. Kazi yake ilikuwa kuchukua neno la mtu huyu na kulifikisha kwa yule, na kwa miaka kumi na minane hakuwahi kulipoteza.

Lakini jambo lililomkata moyo lilikuwa la kabla ya waya. Mwaka wa tisini na tatu, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, mume wake Ambroise alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa injini, amefanya kazi Kamina tangu ujana, na hata Kiluba alikisema vizuri kuliko mkewe. Haikumsaidia. Walikaa wiki sita kwenye jukwaa la stesheni, yeye na mtoto wao Abner wa miaka tisa, chini ya turubai pamoja na mamia ya wengine, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Na Salomé alikuwa ndani, dirisha moja tu kutoka kwao, akipiga simu kituo baada ya kituo kuuliza treni iko wapi.

Alitaka kwenda nao. Ambroise alikataa. "Weye bakia na nyumba," alisema. "Miezi mitatu tu, bantu batatulia." Zilikuja barua mbili. Ya tatu haikuja, na watu waliendelea kumwita Mama Abner.

Katika wiki zile sita, mtu mmoja tu alipeleka chakula kwenye jukwaa lile bila kujificha. Alikuwa jirani yake, Amida, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema na biashara ya zamani, mwuzaji wa chumvi, sabuni na vitenge sokoni. Kila adhuhuri alipita katikati ya matusi, sufuria ya bukari, yaani ugali, na mboga ya sombe kichwani, akawapa Ambroise na mtoto, akarudi na sufuria tupu. Alitemewa mate siku moja. Kesho yake alirudi. Salomé hakumsahau kwa hilo, na urafiki wao ukawa kama wa ndugu waliochangia titi.

Vita vilivyoanza mwaka wa tisini na nane vilileta ndege nyingi Base, uwanja wa ndege za jeshi nje ya mji, na vilileta watu kutoka kaskazini, kwa miguu, wakiwa na magodoro na wagonjwa. Nyuma yao likaja shirika la misaada. Lilikodi nyumba karibu na misheni, likaweka antena uani, na likamwajiri Salomé kwenye foni, ile redio ya masafa marefu, kwa sababu kila mtu waliyemuuliza mjini alitaja jina lake.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata wakaleta kitu kipya, kompyuta iliyofungwa kwenye redio kwa kisanduku kidogo chenye taa ya kijani, ipate kutuma barua hewani bila mtu kusema chochote. Pamoja nayo alikuja Swedi kutoka Lubumbashi, kijana mrefu mwenye asili ya Kindu, aliyesomea mitambo, naye alipewa wiki mbili amfundishe.

Swedi alikuwa mwalimu mzuri. Hakuanza na vibonye. Alipasua mfuko mtupu wa saruji, akaugeuza upande safi, akachora mistari mitano, mmoja juu ya mwingine.

"Mama Abner, vitabu vinasema saba. Kwa mashine yetu hii, tano zinatosha. Haya ni matabaka. Hapa chini kabisa kuna njia yenyewe: zamani waya wako, leo hewa. Haijui barua, haijui mtu. Inapitisha mlio tu. Juu yake kuna tabaka la majirani wawili: mashine hii na ile inayoisikia moja kwa moja, kuhakikisha kwamba mlio haukuharibika njiani. Juu tena, tabaka la anwani: barua ya Mulolwa ipite wapi? Ipite Lubumbashi kwanza. La nne linaikata barua vipande, linavipa namba, linavituma, na kwa kila kipande linangoja akize."

"Akize?"

"Jibu la mashine ya upande wa pili: nimepokea namba tatu, lete namba ine. Isipojibu, inatumiwa tena. Na hapa juu ndipo ilipo barua yako."

Salomé aliinamia karatasi ile muda mrefu. "Kwa hiyo kila tabaka linavisha barua bahasha yake."

"Ndiyo."

"Na kule wanazivua moja moja, ya nje kwanza. Na yule wa chini hafungui ya juu."

"Hafungui. Haimuhusu. Tabaka la ine la hapa linaongea na tabaka la ine la kule, kama vile hakuna kitu katikati. Linaliamini tu la chini yake."

Swedi alicheka kwa furaha. Alikuwa amefundisha kazi hii katika mikoa mitatu, na wanaume wenye diploma walikuwa wamemchosha kwa maswali. Huyu mama wa meza ya simu aliishika kwa asubuhi moja, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameishi katikati ya matabaka hayo bila kuyajua majina. Alipoondoka, Salomé aliubandika ule mfuko wa saruji ukutani. Kila barua ilipopita aliangalia kioo: vipande, namba, akize, na mwisho yale maneno ya Kifaransa yaliyomfurahisha kila mara, kwamba ujumbe umepokewa. Hakuwa amefurahia kazi hivyo tangu Ambroise aondoke. Aliuliza kama kuna mashine Mwene-Ditu. Hapakuwa na mashine.

Sheria ya ofisi ilikuwa moja, nayo ilikuwa imeandikwa mlangoni: hakuna ujumbe wa binafsi.

Mwezi wa kumi na moja, Omari, mume wa Amida, alikuwa Mulolwa, kituo cha reli kaskazini ya Kabongo, alikokuwa akinunua mawese na samaki wakavu. Alikuwa amemchukua mtoto wao wa mwisho, Yasmina, wa miaka saba, amwone bibi yake. Bibi alikaa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa tatu kutoka stesheni. Shule zilikuwa zimefungwa, na wakati walipoondoka mapigano yalikuwa bado mbali. Kisha hayakuwa mbali.

Jumatatu Salomé alipata habari kwa wenzake wa zamani wa stesheni. Reli itapandisha treni moja Mulolwa kuchukua familia za wafanyakazi na wengine watakaoweza kupanda. Itaondoka Kamina Jumanne, itafika Jumatano mchana, na Alhamisi asubuhi itarudi. Baada ya hiyo hakuna nyingine, kwa sababu askari watang'oa reli.

Shirika lilikuwa na ofisi Mulolwa, na ofisi ile ilikuwa na mjumbe wa baiskeli aliyezunguka vijiji vyote kwa ajili ya chanjo ya surua. Kijiji cha bibi alikijua. Salomé hakufikiri mara mbili. Mkuu wa ofisi, mzungu aliyekuwa na wiki mbili tu Kamina, alikuwa Base akingoja ndege. Salomé akakaa, akaandika:

"Kwa Omari, mume wa Amida wa Kamina, aliye kwa mama yake ng'ambo ya mto. Treni ya mwisho inatoka Mulolwa Alhamisi asubuhi. Mchukue Yasmina, mushuke stesheni Jumatano. Usingoje. Tafadhali mjumbe ampelekee leo."

Taa ya kijani ikapepesa. Vipande vinne, akize nne. Saa kumi na dakika kumi na mbili kioo kikaandika: umepokewa, Mulolwa.

Jumanne asubuhi alimkuta Amida uani kwake, amefunga kitenge kiunoni, mfuko begani, viatu vya plastiki miguuni. Maurice Yav, mkuu wa ile treni, alikuwa amemwahidi nafasi kwenye behewa lake. Angefika Jumatano mchana, angevuka mto, na angekuwa kwa mama mkwe kabla ya jua kuzama. Alikuwa ameshapanga nani atabaki na watoto wakubwa.

"Usiende," Salomé alisema. "Nilituma ujumbe jana. Umefika."

Amida akasimama. "Umefika kwa Omari?"

"Umefika Mulolwa. Mashine ilijibu."

"Minyi nauliza kwa Omari."

Hapo ndipo Salomé alipopata nafasi ya kukiri kwamba hilo hakulijua. Baadaye alijikumbusha jambo hilo mara nyingi. Akilini alimwona rafiki yake akipanda treni ya kwenda kwenye mizinga. Alimwona kwenye behewa lililopigwa, ubavuni mwa reli, kama wale waliosimuliwa na wakimbizi. Hakutaka kumpoteza na huyu. Pia, na hili lilimuuma zaidi, alikuwa na fahari ya mashine yake.

"Mjumbe wa baiskeli anakijua kijiji," alisema. "Omari ameshapata. Ukienda mutapishana njiani, yeye anashuka, weye unapanda. Nani atakuokoa weye?"

"Una hakika, Mama Abner?"

"Nina hakika. Umefika kwake."

Amida akautua mfuko chini. Akavua viatu.

Treni ilirudi Ijumaa jioni, watu juu ya mapaa, watu kwenye ngazi, mbuzi mikononi. Amida alipita behewa baada ya behewa akiita jina la mtoto. Salomé alipita upande wa pili akimwita Omari. Jukwaa lilipobaki na mizigo na vikongwe tu, Maurice Yav alikuja, kofia mkononi, uso mweusi kwa moshi.

"Sikumuona, Mama Yasmina. Niliuliza. Alhamisi tulisikia mizinga, wakatuamuru tuondoke mapema. Kama mungekuwa na mtu pale Jumatano..." Hakumaliza. Amida hakumtazama yeye. Alimtazama Salomé.

Salomé hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akamkuta mkuu akifunga kabati, akamuuliza kuhusu mjumbe wa Mulolwa.

"Mulolwa?" mzungu alisema. "Tuliifunga Jumapili. Ndege iliwachukua wote. Lubumbashi waliniambia kwa simu ya setilaiti. Hawakukuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Waliondoka mbio, wakaacha kompyuta inawaka. Paneli za jua zilikuwa juu ya paa, betri zilikuwa nzima, na mashine ikaendelea kufanya kazi yake ndani ya nyumba isiyo na mtu. Jumatatu saa kumi ilipokea vipande vinne, ikahakikisha namba zake, ikavua bahasha zote, ikaiweka barua mahali pake, na ikajibu kwa adabu kwamba imepokea.

Asubuhi yake alimwita Swedi kwa sauti kwenye foni. Alimsimulia yote.

"Mashine haikudanganya," Swedi akasema kutoka Lubumbashi. "Ilisema imepokea. Haikusema kuna mtu wa kusoma. Haijui mambo ya watu, Mama. Juu ya tabaka la tano haioni kitu."

"Mbona hukunifundisha hilo?"

"Nilizani linajulikana."

Salomé alizima redio. Aliung'oa ule mfuko wa saruji ukutani, akaukunja, kisha hakujua auweke wapi, akaurudisha mezani. Halafu alikwenda kwa Amida. Hakutafuta njia ya kuzunguka. Alisema ofisi ilikuwa tupu, kwamba hakujua, na kwamba hata kabla ya kujua alikuwa amesema neno ambalo mashine haikulisema. Alisema, "Minyi njo nilisema umefika kwake. Mashine haikusema."

Amida alikuwa akipepeta mchele. Hakusimamisha mikono. "Nilikuuliza mara mbili," alisema. Alipomaliza akaingia ndani, na mlango ukafungwa taratibu, bila kishindo, jambo lililokuwa baya kuliko kishindo.

Miezi minne Kamina ilijaa maneno. Wengine walisema Omari alionekana Kabongo, wengine kwamba wote wa ng'ambo ya mto walichomwa. Salomé alikuwa akiwasikiliza wakimbizi wapya kila siku, akiuliza kuhusu mwanamume mwenye kovu shingoni na mtoto wa kike. Sokoni, alipokaribia meza ya Amida, Amida alianza kupanga sabuni zake.

Omari alirudi mwezi wa tatu, kwenye behewa la mizigo lililotoka Kabongo. Alikuwa peke yake. Mapigano yalipovuka mto walikimbilia msituni, yeye, mama yake na Yasmina, pamoja na kijiji kizima. Wiki ya tano surua iliingia katika kambi yao ya msituni. Yasmina alishikwa siku ya kwanza ya mvua kubwa na akafa siku ya sita. Bibi alifuata. Omari aliwazika mahali pamoja, kwa jembe la kuazima.

Wiki moja baada ya matanga, alikuja ofisini. Alisimama mlangoni, chini ya karatasi ya sheria, amekonda mpaka kovu lake lilionekana refu zaidi.

"Mama Abner. Mke wangu ananiambia ulinitumia barua."

"Nilikutumia."

"Ilisema nini?"

Salomé alianza kuieleza, akaacha. Akakaa kwenye mashine. Barua zote zilizotoka zilikuwa zimehifadhiwa humo. Aliitafuta, akaichapa, akampa karatasi. Omari alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha akasoma tena.

"Ofisi ile naijua," alisema. "Ijumaa ile tulishuka kutafuta chumvi, treni ilikuwa imeshaondoka, na minyi sikujua hata kama ilikuja. Nilipita pale. Mlango ulikuwa wazi, bantu walikuwa wanabeba viti. Nilichungulia ndani, Yasmina alikuwa mabegani mwangu. Akanionyesha kitaa cha kijani. Alisema, 'Baba, tazama, kinapepesa.'"

Salomé aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Ilikuwa humo?" Omari aliuliza.

"Ilikuwa humo."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. "Basi," alisema. "Sasa njo imefika." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayethibitisha mzigo, na akaondoka.

Karatasi ile ilizunguka nyumba za jamaa, na haikuchukua muda ofisi ikajua kwamba mashine ya shirika ilituma barua ya binafsi. Mkuu aliyekuwapo wakati huo, wa nne au wa tano, alikuwa mtu mpole. Alimsomea Salomé ile sheria ya mlangoni, akamshukuru kwa kazi nzuri, akamwondoa. Hakuna barua hata moja iliyoandikwa kuhusu ofisi iliyofungwa bila mtu wa foni kuambiwa. Alipotoka aliacha ule mfuko wa saruji mezani. Aliyemfuata kazini aliufunikia kompyuta, vumbi lisiingie.

Salomé alipata redio kuukuu kwa mzee mmoja wa parokia, akaiweka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, akafungua foni ya watu wote. Alikuwa mkali kupita kiasi, na wateja walimlalamikia. Hakukubali kumwambia mtu kwamba neno lake limefika kwa sababu kituo cha mbele kimejibu. Alidai mhusika mwenyewe aitwe, aje redioni, aseme jina lake na jina la mama yake. Kama hakuja, Salomé aliandika kwenye daftari: halijafika. Wapo waliokwenda foni nyingine, kule wanakoambiwa haraka yale wanayotaka kusikia.

Omari alihamia Lubumbashi na kuoa huko. Amida alibaki na meza yake.

Mwaka wa elfu mbili na moja, asubuhi moja ya kiangazi, Amida aliingia kwenye chumba kile. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu kwa desturi, akatazama ukuta. Kaka yake alikuwa Kindu, na mama yao alikuwa amefariki Kamina usiku uliopita. Hizo ndizo habari. Alizisema zote bila kutaja jina la Salomé.

Salomé aliita Kindu. Mtu wa Kindu alijibu kwamba ataandika ujumbe na kuupeleka.

"Hapana," Salomé alisema. "Mwite mwenyewe. Tunangoja."

Walingoja saa moja na nusu. Wateja wengine walikuja wakakaa pembeni, kwa sababu walijua yaliyopita kati ya hao wawili. Mara moja mvumo ulipozidi, Salomé alirekebisha kitufe. Kisha sauti ya mwanamume ikaja, ikihema kwa kukimbia, ikataja jina lake na la mama yake, na Salomé akampa Amida kipaza sauti, akageuka kuelekea dirishani ili asimtazame analia.

Ilipokwisha, Amida alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akasimama kidogo karibu na meza, karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu Ijumaa ile ya jukwaani, kama mtu mwenye neno. Halafu akavaa viatu, akatoka juani.

Salomé akavuta daftari, akaandika jina la aliyefuata, mke wa askari wa Base aliyekuwa akimtafuta mumewe upande wa Mbuji-Mayi.